Kuficha maandishi kwenye ukurasa bila kumdhulumu msomaji wala kuadhibiwa na Google

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu ninaowatengenezea tovuti ni hili: "Nikikunja maelezo marefu chini ya kitufe, Google hawataniadhibu?" Hapana, hawatakuadhibu. Kukunja maelezo ambayo msomaji anaweza kuyakunjua kwa kugusa ni jambo la kawaida, na Google wenyewe wameandika kwamba halina kosa. Ila siishii hapo. Namwomba mwenye tovuti aniruhusu nifungue msimbo wa ukurasa wake, kwa sababu mara nyingi anayeihofia akordioni (maelezo ya kukunja na kukunjua) isiyo na hatia huwa na kitu kingine kimejificha mahali asipopajua: viungo vya kamari vilivyopachikwa na mdukuzi, aya ya maneno iliyoachwa na fundi aliyemtangulia, au maandishi ya kijivu hafifu ambayo hata yeye hawezi kuyasoma akiwa juani.

Kipimo changu ni kimoja, nacho kinatosha kwa kazi nyingi. Je, msomaji ana njia ya kuyafikia maandishi hayo, na ipo alama inayomwambia kwamba yapo? Mlango wenye kitasa kinachoonekana ni mlango. Ukiupaka rangi ya ukuta na kukiondoa kitasa, umejenga kitu kingine. Maandishi yaliyokunjwa chini ya kichwa chenye mshale yana kitasa. Maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe hayana, na aliyeyaweka hakukusudia yasomwe na mtu yeyote.

Kanuni inakataza nini hasa

Sera za Google dhidi ya hila za utafutaji zinataja mbinu kwa majina. Kuna maandishi meupe juu ya mandharinyuma meupe. Maandishi yaliyowekwa nyuma ya picha. Maandishi yaliyosukumwa nje ya skrini kwa CSS, yaani msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa. Fonti yenye ukubwa wa sifuri au maandishi yaliyofifishwa hadi yasionekane kabisa. Na kiungo kilichofichwa ndani ya herufi moja ndogo, kama kistari katikati ya aya, ambacho hakuna atakayefikiria kukigusa. Zote zina nia moja: roboti, yaani programu ya Google inayosoma kurasa, isome kitu ambacho binadamu hakioni.

Sera hizo hizo zinataja pia yanayoruhusiwa, na hapo ndipo watu wengi hawafiki kusoma. Akordioni na vichupo vinavyofungua na kufunga maelezo vinaruhusiwa. Slaidi zinazopishana zinaruhusiwa. Maelezo mafupi yanayotokea mtu anapogusa neno yanaruhusiwa. Maandishi yaliyowekwa kwa ajili ya programu za kisoma skrini, yale ambayo asiyeona huyasikia ingawa anayeona hayaoni, nayo yanaruhusiwa, maadamu yamewekwa kumsaidia huyo asiyeona.

Ukali huu una historia. Mitambo ya utafutaji ya miaka ya 1990 ilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo aliyerudia neno mara nyingi zaidi alipata nafasi. Watu wakajaza mikia ya kurasa zao maneno yasiyoonekana. Google walipoanza mwaka 1998 walileta kipimo cha viungo kutoka tovuti nyingine, na hila nazo zikahamia kwenye viungo. Mwaka 2005 ilibainika kwamba ukurasa wa kwanza wa WordPress.org (makao ya WordPress, programu ya kujengea tovuti) ulikuwa na viungo vilivyofichwa kwa CSS, vikielekeza kwenye maelfu ya makala yaliyoandikwa ili kuvuna matangazo ya bei kubwa. Makala hayo yaliondolewa kwenye matokeo ya Google, na Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, akaviondoa viungo. Februari 2006 ikawa zamu ya tovuti ya BMW ya Ujerumani: ilikuwa na kurasa zilizoshindiliwa maneno kwa ajili ya roboti, huku mgeni akihamishwa papo hapo kwa JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) hadi ukurasa mwingine. Ilitolewa kwenye matokeo, ikazisafisha kurasa zake, ikarudishwa baada ya siku chache. Nayataja haya kwa sababu mtu akisikia "Google huadhibu maandishi yaliyofichwa", kinachozungumzwa ni udanganyifu wa aina hiyo. Hakuna aliyeondolewa kwa kukunja orodha ya maswali na majibu.

Hofu ya akordioni ilitoka wapi

Haikutoka hewani. Mwaka 2014 John Mueller wa Google alisema kwamba maandishi ambayo hayaonekani ukurasa unapofunguka yanaweza kupewa uzito mdogo. Huko hakukuwa kuadhibu. Walifikiri hivi: kama mwenye ukurasa mwenyewe ameyaweka pembeni, huenda si kiini cha ukurasa. Watu wengi walisikia nusu ya maneno hayo, wakaanza kumwaga kila kitu wazi, aya juu ya aya, hadi msomaji wa simu akawa anasogeza ukurasa kwa kidole mpaka achoke.

Kisha Google wakageuza utaratibu. Novemba 2016 walitangaza kwamba wataanza kusoma kurasa kwa jicho la simu kwanza, na Gary Illyes wa Google akaeleza kwamba kwenye simu, maelezo yaliyokunjwa kwa sababu ya ufinyu wa skrini yatapewa uzito kamili. Oktoba 2023 walitangaza kwamba uhamisho huo umekamilika. Anayekushauri leo ufungue akordioni zako zote "kwa ajili ya Google" anakupa ushauri wa zamani.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya, na linafaa litenganishwe vizuri. Ukurasa unaweza kushuka kwa sababu tatu tofauti kabisa, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni adhabu hasa: mkaguzi binadamu wa Google ameutazama ukurasa, ameona hila, ameandika uamuzi. Hii utaarifiwa ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Haiji kimyakimya.

Ya pili ni mtambo kuyapuuza maneno yako. Programu imetambua kwamba maandishi fulani ni hila, ikaacha kuyahesabu au ikaishusha tovuti. Hakuna barua wala cha kukatia rufaa. Unarekebisha, kisha unasubiri kurasa zisomwe upya.

Ya tatu ndiyo ninayoikuta kila mara, nayo haihusiani na adhabu kabisa: Google hawajayaona maandishi. Roboti ya Google hufungua ukurasa kwa Chromium ya kisasa (msingi wa kivinjari cha Chrome) na huendesha JavaScript, lakini haibofyi vitufe wala haisogezi ukurasa kama mtu. Ikiwa akordioni yako inayaita maneno kutoka kwenye seva pale tu mtu anapobofya, kwa roboti maneno hayo hayapo. Mwenye tovuti analalamika kwamba ameadhibiwa kwa kuficha, kumbe hakuna aliyepata kuyasoma.

Kagua ukurasa wako kabla ya kubadilisha chochote

Anza kwa njia rahisi. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na A kwa pamoja ili kila kitu kichaguliwe. Maandishi yenye rangi sawa na mandharinyuma yatajitokeza kwa rangi ya uteuzi. Kisha fungua ukurasa huo huo kwa Firefox, nenda kwenye menyu ya kutazama na uzime mtindo wa ukurasa, yaani CSS yote. Ukurasa utakuwa mbaya wa kutazama, mrefu na usio na mpangilio, na huo ndio uzuri wake: karibu kila kilichofichwa kwa CSS kitakuwa wazi mbele yako. Soma kuanzia juu hadi chini. Kila unapokuta maneno ambayo hukuyajua, simama ujiulize nani aliyaweka na msomaji anayafikiaje.

Hatua inayofuata ni msimbo. Bonyeza Ctrl na U, kisha tafuta ndani yake, na ndani ya faili zako za CSS, alama hizi moja moja: `display:none`, `visibility:hidden`, `opacity:0`, `font-size:0`, `text-indent` yenye namba hasi kubwa, na `-9999px`. Usishtuke ukizikuta. Karibu kila tovuti ya kisasa ina `display:none` kwa sababu ndiyo njia ya kawaida ya kufunga menyu. Kwa kila moja tafuta kitasa: kitufe gani hukifungua kipande hiki? Kama hakipo, mambo ni mawili. Ama ni masalia ya kazi ya zamani, yafute. Ama ni hila ya mtu, ifute na utafute iliingiaje.

Mbinu ya kusukuma maandishi pikseli elfu kadhaa nje ya skrini ilienea miaka ya 2000 kwa sababu ya heshima kabisa: fonti za intaneti zilikuwa chache, kwa hiyo mafundi waliweka picha ya kichwa cha habari na kuyasukuma maneno halisi pembeni. Siku hizi haina sababu ya kuendelea. Kama nembo yako ni picha, tumia tagi ya `img` na uandike jina la shirika kwenye `alt`, sehemu ya maelezo ya picha. Kama unataka fonti nzuri, ipakie fonti yenyewe.

Sasa ingia Search Console, kwenye kisanduku cha juu weka anwani ya ukurasa, uone HTML (msimbo wa ukurasa wenyewe) ambayo Google waliipata baada ya kuufungua. Chukua sentensi moja iliyomo ndani ya akordioni yako, itafute humo. Ukiipata, hoja ya "Google hawayaoni" imekwisha. Usipoipata, tatizo ni la upakiaji, na nitaeleza tiba yake hapa chini.

Viungo ambavyo hukuviweka wewe

Sehemu hii naomba uisome hata kama una hakika tovuti yako ni safi. Kati ya tovuti ninazoitiwa kutengeneza kwa ajili ya maandishi yaliyofichwa, zilizofichwa na mwenyewe kwa makusudi ni chache siku hizi. Nyingi zimedukuliwa. Mdukuzi haharibu chochote kinachoonekana. Anaongeza tu kipande chini kabisa ya ukurasa, ndani ya kisanduku kilichosukumwa nje ya skrini, chenye viungo kadhaa vya kamari, dawa za nguvu za kiume au mikopo. Anakodisha sifa ya tovuti yako, na anayelipia kodi hiyo ni wewe.

Wajanja zaidi huonyesha viungo hivyo kwa roboti ya Google peke yake. Mwenye tovuti akifungua, ukurasa ni msafi. Akiangalia msimbo, ni msafi. Ndiyo maana ukaguzi wa ndani ya Search Console hauna mbadala: unakuonyesha walichokiona Google, si unachokiona wewe. Fanya na jaribio hili: andika kwenye Google `site:` ikifuatiwa bila nafasi na anwani ya tovuti yako, kisha neno kama casino au viagra. Ikiwa tovuti ya, tuseme, kwaya inatoa matokeo ya maneno hayo, umeshajua imedukuliwa.

Kwenye WordPress chanzo mara nyingi ni kiolezo (theme) au programu-jalizi (plugin) ya kulipia iliyopakuliwa bure mahali pasipostahili, au programu-jalizi iliyoachwa miaka bila kusasishwa. Angalia faili za `functions.php` na `footer.php` za kiolezo chako, mstari mrefu wenye herufi zisizosomeka, ulioanza na `eval(base64_decode(`, ni wa kutiliwa shaka mara moja. Ila usifute mstari huo tu ukalala. Badilisha kiolezo chote kwa nakala safi kutoka kwa mtengenezaji, sasisha kila kitu, badilisha nywila zote, futa watumiaji usiowatambua, na uhakiki orodha ya wamiliki ndani ya Search Console yenyewe, maana wapo wadukuzi wanaojisajili humo kama wamiliki wa tovuti yako.

Kukunja vizuri

Tukija kwenye ujenzi, kanuni ya kwanza ni kwamba maandishi yawe ndani ya HTML tangu ukurasa unapofika kwa msomaji. Kufungua na kufunga kuwe kazi ya kuonyesha tu. HTML inacho kifaa chake cha kazi hiyo, na nasikitika kwamba watu bado wanapakia maktaba nzima za JavaScript kwa kitu ambacho kivinjari kinakifanya chenyewe:

```
<details>
  <summary>Vipimo kamili vya meza</summary>
  <p>Urefu, upana, kimo na uzito…</p>
</details>
```

Hicho kinafanya kazi hata JavaScript ikikwama. Kinafunguka kwa kidole, kwa kipanya na kwa kibodi. Kisoma skrini kinamwambia asiyeona kwamba hapa pana kitu kimefungwa na kinaweza kufunguliwa. Zaidi ya hayo, kwenye Chrome mtu akitafuta neno kwa Ctrl na F, sehemu iliyofungwa inafunguka yenyewe neno likipatikana humo. Linganisha na akordioni ya `display:none`: msomaji ameona sentensi fulani kwenye matokeo ya Google, amegusa kiungo, amefika, anatafuta sentensi ile ile na kivinjari kinamwambia haipo. Ataondoka akiamini umemdanganya. Google hawakukuadhibu, lakini msomaji amekuadhibu.

Ukilazimika kujenga yako, tumia `button` ya kweli badala ya `div` iliyovalishwa sura ya kitufe. Ipe `aria-expanded`, sifa inayokiambia kisoma skrini kama sehemu imefunguliwa, yenye thamani ya `false` ikifungwa na `true` ikifunguliwa, la sivyo asiyeona atabofya bila kujua kilichotokea. Na kile kipande kilichofungwa unaweza kukipa sifa ya `hidden="until-found"`, iliyoingia Chrome mwaka 2022, inayokiruhusu kivinjari kukifungua neno linapotafutwa.

Kama akordioni yako inaita maneno kutoka kwenye seva baada ya mbofyo, yahamishie ndani ya ukurasa. Kama ni mengi mno kiasi cha kuufanya ukurasa uwe mzito, basi hayo yanastahili ukurasa wake wenyewe, wenye anwani yake, na kiungo cha kawaida cha `a href` cha kuufikia. Ndivyo ilivyo pia kwa kitufe cha "Onyesha zaidi" chini ya orodha: weka nyuma yake viungo halisi vya ukurasa wa pili, wa tatu na kuendelea.

Jihadhari pia na mtindo wa maandishi yanayochomoza polepole kadiri mtu anavyosogeza ukurasa. Mara nyingi CSS huanza na `opacity:0` kisha JavaScript huyaonyesha. Intaneti ikiwa dhaifu na ile JavaScript isipofika, msomaji anabaki na ukurasa mtupu wenye picha mbili. Ukitaka mwendo huo, acha maandishi yaonekane kwa kawaida, na JavaScript yenyewe iyafiche kwanza ndipo iyaonyeshe. Isipofika, hakuna kilichopotea.

Yasiyofaa kukunjwa hata kama yanaruhusiwa

Ruhusa ya Google isikufanye ukunje kila kitu. Mwongozo wa usanifu wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, unasema usitumie akordioni kwa mambo ambayo ni lazima msomaji ayasome, na mimi nakubaliana nao bila kusita. Bei, gharama ya usafirishaji, masharti ya kurudisha bidhaa, saa za kazi, namba ya simu, onyo la dawa: haya yakae wazi. Mtu akilazimika kugusa mara tatu ndipo ajue kuna ada ya ziada, hata kama kila kitasa kipo, umemfanyia hila.

Kinachofaa kukunjwa ni kile ambacho baadhi ya wasomaji wanakihitaji na wengine hawakihitaji, na kila mmoja anajua kutokana na kichwa chake kama kinamhusu. Orodha ya maswali kumi na tano ni mfano mzuri, kwa sababu mtu huja na swali moja. Makala ya maelezo yanayofuatana ni mfano mbaya. Msomaji anataka kusoma mfululizo, wewe unamlazimisha kufungua droo kila baada ya aya. Na vichwa viseme ukweli kamili. "Maelezo zaidi" haisemi kitu. "Inachukua muda gani kupata majibu ya kipimo" inasema.

Menyu ya mistari mitatu kwenye simu sina ugomvi nayo, ila kwenye skrini pana ya kompyuta sioni sababu ya kuficha viungo vitano nyuma yake wakati nafasi ipo tele.

Kosa jingine la simu: wapo mafundi wanaoondoa kabisa aya nzima kwenye toleo la simu "ili ukurasa uwe mwepesi". Google wanasoma toleo hilo la simu. Ulichokiondoa hapo umekiondoa kwao pia, hata kama kwenye kompyuta kinaonekana. Kunja, usiondoe.

Maandishi ya kisoma skrini

Hapa ndipo kuficha kunageuka kuwa ukarimu. Kitufe chenye alama ya kioo cha kukuzia kinaeleweka kwa anayeona. Kwa asiyeona kinahitaji neno "Tafuta". Viungo kumi vilivyoandikwa "Soma" vinahitaji kila kimoja kiongezewe "kuhusu nini". Darasa hili la CSS linayaficha maneno kwa macho huku likiyaacha kwa kisoma skrini:

```
.kwa-kisoma-skrini {
  position: absolute;
  width: 1px; height: 1px;
  margin: -1px; padding: 0; border: 0;
  overflow: hidden;
  clip-path: inset(50%);
  white-space: nowrap;
}
```

Usitumie `display:none` kwa kazi hii, kwani inayaficha hata kwa kisoma skrini. Na kipimo cha uadilifu ni rahisi: washa TalkBack kwenye simu ya Android, VoiceOver kwenye iPhone, au NVDA, ambayo ni ya bure, kwenye Windows. Funga macho, sikiliza ukurasa wako. Kama maneno uliyoyaficha yanakusaidia kujua ulipo, ni mema. Kama unasikia "viatu bei nafuu viatu vya ngozi nunua viatu mtandaoni", umemfanya asiyeona abebe mzigo wa hila yako, na mkaguzi wa Google akiyaona hatadanganywa na jina la darasa. Hali ni hiyo hiyo kwa `alt` za picha: eleza kilichomo pichani kwa sentensi ya kawaida, basi.

Yaliyojificha bila kukusudiwa

Viwango vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, kipenzi cha wasanifu wengi, huanguka mtihani huo. Google hawatakuadhibu kwa kijivu. Mzee mwenye macho hafifu ndiye atakayeshindwa kusoma. Zana za ukaguzi zilizomo ndani ya Chrome na Firefox huonyesha uwiano huo ukichagua maandishi, kwa hiyo huhitaji kukisia.

Tena: ukiwa na maandishi meupe juu ya picha nyeusi, ipe sehemu hiyo `background-color` nyeusi pia. Picha ikichelewa au ikikataa kupakia, maandishi meupe yatabaki juu ya ukurasa mweupe, na bila kukusudia utakuwa na kile kile kilichokatazwa.

Data za Schema.org, yaani maelezo yanayowekwa kwenye msimbo ili mitambo ya utafutaji iuelewe ukurasa, nazo zinaguswa na kanuni hii. Usiandike ndani ya JSON-LD (muundo wa kuandikia data hizo) nyota za wateja au majibu ya maswali ambayo hayamo popote kwenye ukurasa. Majibu yakiwa ndani ya akordioni hakuna shida, maana msomaji anayafikia.

Kuna na upande wa pili wa sarafu hiyo: dirisha ibukizi linaloyafunika maandishi halali. Tangu Januari 2017 Google huweza kuzishusha kurasa ambazo kwenye simu zinamfunika msomaji mara tu anapofika kutoka kwenye matokeo. Ombi la kuthibitisha umri au la vidakuzi linalotakiwa kisheria halihesabiwi. Tangazo la "jiunge na orodha yetu ya barua pepe" kabla mtu hajasoma hata mstari mmoja linahesabiwa.

Ukishaadhibiwa

Fungua Search Console, sehemu ambayo kwenye menyu ya Kiingereza imeandikwa Manual actions. Ikiwa hakuna kitu humo, huna adhabu ya mkaguzi, na rufaa haitakusaidia. Rudi kwenye ukaguzi. Ikiwa ipo, itakuambia ni ya aina gani, na kama inahusu tovuti nzima au kurasa kadhaa.

Safisha tovuti yote, siyo mfano uliotajwa peke yake. Mkaguzi hutoa mifano, haorodheshi kila kitu. Ukimaliza, andika ombi la kufikiriwa upya, na uliandike kama mtu mzima: eleza kilichokuwapo, taja kurasa, eleza umefanya nini kukiondoa, na hatua ulizochukua kisirudi. Kama ulidukuliwa, sema, na useme umeziba tundu gani. Usilaumu, usibembeleze, wala usitume maombi mfululizo kabla hujajibiwa la kwanza. Majibu huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Na uwaandae wenzako kwa jambo moja kabla jibu halijafika. Kama ukurasa ulikuwa juu kwa nguvu ya maneno au viungo vilivyofichwa, adhabu ikiondolewa hautarudi pale pale ulipokuwa, kwa sababu kilichokuwa kikiuinua umekifuta. Utaanza pale unapostahili kwa yale yanayosomeka. Tumia wiki hizo za kusubiri kuandika upya vichwa vya akordioni zako na kupandisha juu, mahali pa wazi, zile taarifa ambazo watu hukupigia simu kuziuliza kila siku.